Besi imepotea jukwaani, tena noti moja tu. Nani kaila?

DadaKinanda:
Wakuu, heshima zenu.

Mimi na binamu yangu tuna bendi ya watu wawili. Mimi napiga kinanda na kuimba, yeye yuko kwenye gitaa, ngoma na besi zinatoka kwenye laptopu. Jumamosi ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanda jukwaani mbele ya watu tusiowajua. Tulifungua, bendi nyingine mbili zikifuata, kwa hiyo mnajua wenyewe: watu kama ishirini, nusu yao wamekuja kwa ajili ya bendi ya mwisho, wameegemea ukuta wa nyuma kabisa.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda. Ya tatu ndiyo tunayoitegemea. Inaanza kimyakimya, halafu ngoma na besi zinaingia pamoja, besi iko kwenye noti ya G ya chini kabisa, na hapo mtu anatakiwa asikie kifua kinatikisika. Ngoma ikaingia. Besi hakuna. Nikamtazama binamu, naye ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeizima. Kinachonichanganya ni kwamba besi ilipopanda oktava moja, kwenye G ya juu yake, ilisikika vizuri tu. Ikishuka tena, shimo.

Baada ya shoo nilimfuata fundi mitambo, akanijibu faili letu ndivyo lilivyo. Nyumbani kwenye hedifoni wimbo uleule unanguruma. Sasa mwongo nani, hedifoni au spika?

La pili ni dogo ila limenichoma. Kuna jamaa alikuja kunipongeza, kwa nia njema kabisa: "Mlikuwa wazuri, ila muda wote nilidhani unajibu barua pepe."

FundiWaNyuma:
Dada, mwongo hayupo hapo. Nijibu kwanza: hiyo besi umeitanua? Umeifanyia chochote ili isikike pana, kushoto na kulia?

DadaKinanda:
Ndiyo. Niliinakili, moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia, ya kulia nikaichelewesha milisekunde 10. Niliona kwenye video. Inakuwa tamu ajabu.

FundiWaNyuma:
Basi mwizi unaishi naye.

Kumbi ndogo nyingi mitambo yake ni mono. Kushoto na kulia vinajumlishwa kabla ya kufika kwenye spika, ili aliyebanwa pembeni naye apate wimbo mzima. Hata penye sterio, sabufa mara nyingi hulishwa mono.

Sasa piga hesabu. G yako ya chini ni Hz 49, yaani wimbi linapanda na kushuka mara 49 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20 hivi. Wewe umechelewesha 10, karibu nusu kamili ya mzunguko. Kwa hiyo la kushoto likipanda, la kulia linashuka. Yajumlishe: tatu ukiongeza hasi tatu. Spika haina cha kusukuma.

G ya juu yake ni Hz 98, mzunguko wake ni milisekunde 10 na chembe. Nakala yako ya pili inafika wakati wimbi la kwanza ndiyo linaanza upya, zinasukumana upande mmoja. Ndiyo maana hiyo uliisikia. Hedifoni hazijumlishi kitu, kila sikio linakula sahani yake.

Dawa: kila kilicho chini ya Hz 120 hivi kiache katikati. Upana upeleke kwa vya juu, vinanda, mwangwi, sauti za nyuma. Na kabla hujatoka nyumbani bonyeza mono usikilize wimbo mzima. Halafu usimpe fundi waya mbili zenye kila kitu ndani. Kama kadi yako ya sauti ina njia nne za kutolea sauti, mpe besi yake peke yake na ngoma zake. Mwenzangu yule naye (simtetei) angezima upande wa kulia kwa sekunde tano tu angesikia besi imerudi.

MkaaMbele:
Hayo ya Hz siyajui, ila mimi ndiye yule anayewahi kuona bendi za kufungua, na nina la kusema kuhusu barua pepe.

Msijifananishe na wakubwa. Kraftwerk, wale Wajerumani wa muziki wa mashine, wanasimama wanne nyuma ya meza zao karibu bila kutikisika, na inapendeza, kwa sababu kutotikisika ndiyo shoo yenyewe. Daft Punk, wale Wafaransa wawili, mwaka 2006 pale kwenye tamasha la Coachella, Marekani, walikuwa juu ya piramidi ya taa. Wewe huna piramidi, una meza.

Ninachotaka nikiwa pale mbele ni kujua mkono wako ukisimama, nini kitanyamaza. Niliwahi kumwona dada mmoja na mashine ya ngoma, kaiinamisha kutuelekea ili vitufe vionekane. Akaizima ile ngoma nzito ya chini kwa kidole, akasubiri, akairudisha akakosea, imechelewa nusu ya pigo. Akacheka, akaizima tena, akairudisha sawasawa. Ukumbi ulipiga kelele. Bendi kuu ya usiku ule siikumbuki hata jina.

GitaaTu:
Mimi napinga. Muziki ukiwa mzuri watu watacheza hata ukijibu barua pepe kweli. Kugeuza vitufe visivyofanya kitu ni maigizo, na wapo wengi wa hivyo.

MkaaMbele:
Nani kasema visivyofanya kitu? Soma tena.

DadaKinanda:
Nimerudi. Nimebonyeza mono jana usiku, G ikatoweka kama mtu kachomoa waya. Binamu alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena.

Nimefuta ile nakala ya kulia. FundiWaNyuma, nakushukuru, ila nikiri kwamba kwenye hedifoni besi sasa imesinyaa na nimeumia kidogo, nilishaizoea. Mwangwi nimeuhamishia kwenye kinanda.

Ngoma nzito nitaizima na kuiwasha kwa mkono, wimbo huohuo wa tatu. Laptopu binamu anataka tuiweke sakafuni. Mimi naogopa kuikanyaga.