Ushauri wakuu: namba imepita vipimo vyote, niiandike kuwa ni tasa?

Msaka_Tasa: Wakuu, nimekwama na usingizi sipati. Nina namba nzima ya tarakimu kumi. Nimeipima kwa Miller-Rabin, kile kipimo cha haraka cha kukagua kama namba ni tasa kwa kutumia namba teule ziitwazo misingi. Nimetumia misingi 2, 3, 5 na 7, na kote imepita. Naweza kuiita namba tasa, au nitaumbuka?

Kipeuo: Weka namba yenyewe.

Msaka_Tasa: Namba si hoja mkuu, nauliza kanuni.

BintiBaki: Umenikumbusha jamaa niliyesoma naye, aliapa kuwa 91 ni tasa. Si shufwa, haiishii na 5, 3 haiingii, basi akatangaza ushindi. Nikamwandikia 7 × 13 ubaoni, akanuna muhula mzima.

Mzee_wa_Tarakimu: Vijana mna papara. Fermat mwenyewe aliamini 4294967297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Kama bingwa aliteleza, wewe ni nani? Jifunze unyenyekevu.

Pembe3: Mzee, kaomba ushauri, sio mahubiri 😂

Kipeuo: Bado nasubiri namba.

Msaka_Tasa: Haya: 3215031751. Ila msinishukie, ripoti nimeshaikabidhi na nimeandika "ni tasa". Namba isiyo tasa haiwezi kupita zaidi ya robo ya misingi. Misingi minne, hiyo ni nafasi 1 kati ya 256. Nimekosea wapi?

Kipeuo: Hesabu hiyo ni ya misingi iliyookotwa kwa bahati nasibu. Wewe umetumia ileile ambayo kila mtu anaitumia.

BintiBaki: Kwani kugawanya kuna ubaya gani? Unajaribu vigawo hadi kipeuo chake cha pili tu, nacho hakifiki 56,702, kompyuta inamaliza kabla hujakohoa. Mimi nimetumia kalamu: 151 inaingia, baki sifuri. Jibu ni 21291601, nalo ni 751 × 28351.

Pembe3: Imekula kwako ndugu.

Msaka_Tasa: Mbona hata kipimo cha Fermat, kile chepesi kuliko Miller-Rabin, ilipita kila msingi niliojaribu?

Kipeuo: Lazima ipite, ni namba ya Carmichael, yaani si tasa ila inapita kipimo cha Fermat kwa kila msingi usio na kigawo cha pamoja nayo. Toa 1 kwenye kila kigawo tasa chake: 150, 750, 28350. Zote zinaigawanya 3215031750 bila baki. Rudia Miller-Rabin kwa msingi wa 11, itanaswa palepale.

Sufuri_Hai: Ngojeni kwanza. Chini ya bilioni 25, namba isiyo tasa inayopita misingi hiyo minne ni MOJA tu, na ndiyo hii. Wanahisabati Pomerance, Selfridge na Wagstaff waliichapisha mwaka 1980. Halafu wewe eti umekutana nayo njiani? Chai hii.

Pembe3: Tena ya rangi.

Msaka_Tasa: Programu iliichagua yenyewe, naapa.

Sufuri_Hai: Weka msimbo tuuone.

Msaka_Tasa: Uko kwenye kompyuta nyingine. Tuachane na hayo, nikiongeza 11 nitakuwa salama?

Mzee_wa_Tarakimu: Anza kwa kuirudisha hiyo ripoti.

Kipeuo: Kwa tarakimu kumi uko salama. Misingi hiyo mitano inadanganywa kwa mara ya kwanza na 2152302898747.

Sufuri_Hai: Umemtajia ya nini sasa? Wiki ijayo atafungua uzi, programu yake "imeichagua yenyewe".