Amri ya zuio Marekani: polisi wasipokuja, unaweza kuwashtaki?

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu hapa Colorado amepewa na mahakama amri ya kumzuia mumewe asimkaribie. Karatasi ameikunja mara nne, anatembea nayo kwenye pochi, anasema sasa analala. Polisi wakiitwa wasije, tunawashtaki?
Mwanaidi

Marahaba mwanangu. Kwa Katiba ya Marekani, kesi hiyo ni ngumu mno, na uamuzi wenyewe ulitokana na mkasa wa huko huko Colorado. Juni 1999, mjini Castle Rock, Jessica Gonzales alikuwa na amri kama hiyo. Mume akawachukua mabinti zao watatu waliokuwa wakicheza nje. Mama akapiga simu polisi. Akaambiwa asubiri hadi saa nne usiku, kisha hadi saa sita. Akaenda kituoni yeye mwenyewe. Saa tisa na dakika 20 usiku yule baba alifika kituoni akifyatua risasi, polisi wakamuua. Garini mwake watoto wote watatu walikutwa wamekufa.

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba amri ile haikumpa mama haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze. Wajibu wa kikatiba wa kulinda upo kwa mtu waliyemshika wenyewe, kama mahabusu. Sisi tulio majumbani, kwa kawaida hapana. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema Marekani ilikiuka haki za mama yule na wanawe, lakini hukumu ya 2005 imebaki palepale. Mimi naiona ni dhuluma.

Hata hivyo asiitupe amri. Mume akiivunja anaweza kukamatwa, na inatambulika hata akihamia jimbo jingine. Atoe nakala: shuleni, kazini, kwa jirani. Akipiga 911, namba ya dharura, aanze na anwani, kisha aseme "Swahili" aombe mkalimani, na aseme wazi kwamba ana amri ya mahakama. Kila mara adai namba ya ripoti. Na awe na nyumba ya kukimbilia usiku, funguo na pasipoti za watoto zikiwa tayari.
Mama Rukia

Ahsante sana mama. Nimemsomea yote kwenye simu, akanyamaza kitambo. Kesho tunakwenda wote shuleni na nakala, na kuanzia leo watoto wanalala kwangu.
Mwanaidi