Kocha alimuahidi mwanangu namba, leo baada ya misimu miwili anamwambia atafute chuo kingine

Wakuu, salaam. Nina hasira ya wiki nzima. Nimeendesha lori kutoka Ohio mpaka Tennessee na kurudi huku naongea peke yangu, mpaka mama watoto akaniambia niandike kwanza kabla sijampigia mtu simu nikaharibu.

Mwanangu anacheza namba tatu, beki wa kushoto. Tulikuja naye Marekani akiwa na miaka sita, mpira akaujulia hapa, kwenye nyasi za nyuma ya fleti. Tangu ana miaka 12 nalipia klabu. Mwaka wa mwisho ilikuwa dola 2,800, hapo bado jezi, hoteli na mafuta. Halafu kuna kambi za vyuo: unalipa dola 350 kwa siku mbili ili kocha "amuone mtoto". Tuliyoenda sisi niliwahesabu watoto mwenyewe nikiwa kwenye uzio, walipita 130, na kocha mkuu alishinda kivulini na simu yake.

Kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kocha wa Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu, anaruhusiwa kumtafuta mchezaji kuanzia tarehe 15 Juni, baada ya mtoto kumaliza mwaka wa pili wa haiskuli. Kwetu ilikuwa 2022. Saa sita na dakika mbili usiku simu ya kijana ikalia, ujumbe wa kwanza. Alikuja kutuamsha. Tulikaa watatu kitandani tunausoma mara nne.

Tulipotembelea chuo tulikuta jezi namba 3 imetundikwa kwenye kabati, mgongoni jina letu la ukoo. Kijana akaivaa, akapigwa picha. Kocha akanishika bega akasema beki wake wa kushoto anamaliza masomo, na huyu ataanza kucheza tangu mwaka wa kwanza. Mimi ni mtu mzima, nimelea watoto, na nilimwamini.

Kuhusu hela nieleze, maana huko nyumbani watu wanadhani mtoto akichukuliwa na chuo cha Marekani basi anasoma bure. Wakati ule timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 9.9 tu za kugawana kikosi kizima, watu 25 mpaka 30. Kocha anazikata vipande kama keki. Wetu alipata asilimia 30. Iliyobaki ni mikopo, na mmoja umeandikwa jina langu.

Msimu wa 2024 alisugua benchi, nikasema sawa, ni mgeni. Oktoba, timu inaongoza 4-0, akaingizwa dakika sita za mwisho. Mama yake alilia kwa furaha. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwenye soka, kwa sheria ya msimu ule, ukigusa uwanja hata dakika moja ya mechi ya mashindano, msimu mzima umehesabiwa kati ya minne uliyo nayo. Wenzao wa futiboli ya Kimarekani wakati huo waliruhusiwa kucheza mechi nne na msimu usihesabiwe. Kocha analijua hilo kama anavyojua jina lake. Angeweza kumwacha nje, mtoto akabaki na misimu yake minne kamili. Alimchomea msimu kwa dakika sita za mechi iliyokwisha kuamuliwa, na hakuna aliyetuambia kitu.

Kufika Januari 2025 analetwa beki mwingine wa kushoto kutoka potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Ana miaka 23, amelelewa kwenye akademi ya Ulaya. Huyo kijana sina neno naye. Ni mgeni kama sisi, alikula pilau nyumbani kwangu, na mwanangu anasema amejifunza mengi kwake. Mwenye kosa ni kocha, ambaye wiki ileile aliyokuwa anazungumza na huyo beki, alimwambia mwanangu, "Upande wa kushoto ni wako."

Septemba mwaka huo tuliendesha saa nne kwenda kuwaona. Saa ya uwanjani kwao inahesabu kurudi nyuma. Zilipobaki 11:40 kijana akaitwa apashe misuli. Alikimbia pembeni ya mstari, akarudi, akakimbia. Zilipobaki 4:12 kocha msaidizi akamwita, akavua kizibao, akachomekea jezi, akasimama mstarini. Ikapigwa rafu, kocha mkuu akabadili mawazo, akamwonyesha kwa mkono bila kumtazama arudi. Kile kizibao alikivaa kimegeuka nje ndani. Alikaa nacho hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Njiani hakusema kitu hadi tulipotaka kuagana. "Baba, naomba usimpigie kocha." Sikumpigia.

Msimu umeisha, akaitwa ofisini. Dakika saba. Kocha anasema baada ya ile kesi ya wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA iliyoamuliwa Juni 2025, skolashipu hazina ukomo wa 9.9 tena kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, ila kikosi kisizidi watu 28, na yeye anahitaji "kusawazisha umri". Kwa Kiswahili: mwanangu apishe.

Kukaa benchi ni sehemu ya mpira, hilo silipigii kelele. Ninachodai ni kwamba tumepigwa danadana miaka miwili na mtu mzima anayelipwa mshahara. Angesema mapema, "Kijana, mbele yako kuna wawili, na nafuata wa tatu," tungeamua wenyewe. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Kenya, alitoka timu ya Chuo Kikuu cha Washington akasajiliwa na Seattle Sounders 2018. Njia ipo, ndiyo maana inauma kuona mtoto anafungiwa mlango kwa uongo.

Wenye watoto haiskuli, msisikilize maneno ya kocha, fungueni takwimu. Tovuti ya kila timu inaonyesha dakika za kila mchezaji. Tazameni msimu uliopita wale wa mwaka wa kwanza walicheza ngapi. Chuo chetu walikuwa saba, na watano hawakufikisha dakika 100 kwa msimu. Ilikuwa wazi pale, mimi nikawa naangalia jezi kabatini. Muulizeni kocha nani anacheza namba hiyo, ana miaka mingapi, na kama mwaka huu anachukua mwingine kwenye potali. Akizungukazunguka, ondokeni. Na ahadi ya mdomo haimfungi, mpaka barua ya skolashipu isainiwe.

Sasa kijana yupo kwenye potali. Jumanne amepigiwa na kocha wa Divisheni ya Pili, Jumatano na mwingine wa chuo cha NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, kidogo kuliko NCAA. Tunaongea nao Jumamosi, na safari hii nakaa mezani na daftari. Mwenye mtoto aliyehamia huko aje aniambie: dakika alizipata? Na skolashipu ya mwaka wa pili ilibaki ileile, au waliipunguza?