Mjadala: Mkesha wa mahafali ya sekondari Marekani unaokoa vijana, au unasogeza ajali hadi alfajiri?

Mtoa mada

Wadau, msimu wa kumaliza darasa la 12 huko Marekani unakaribia na kamati za wazazi zimeshaanza kuchangisha. Naomba tujadili jambo moja. Je, shule iendelee kuandaa mkesha wa mahafali, yaani wahitimu kukusanywa usiku uleule wa kupokea vyeti na kubaki ndani hadi alfajiri?

Utaratibu huu, ambao wengi huujua kwa jina la Project Graduation, ulianzia jimbo la Maine mwaka 1980, baada ya vijana kufa katika ajali za ulevi msimu wa mahafali wa 1979. Baadaye ukaenea majimbo mengine. Wanaoutetea husema kijana aliyeko ukumbini hayuko barabarani. Wanaoupinga husema unameza fedha na nguvu za mwaka mzima kwa usiku mmoja, ilhali hatari inaendelea majira yote ya joto. Chama cha wenye magari cha AAA hukiita kipindi cha kuanzia Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, hadi Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku 100 za hatari zaidi kwa madereva vijana.

Msimamo wangu: mkesha ubaki, kwa sharti kwamba asiwepo mhitimu hata mmoja anayeendesha gari kurudi nyumbani. Sharti hilo likishindikana, bora usifanyike kabisa.

Mratibu wa mikesha

Mkesha unafanya kazi ukipangwa vizuri, na ukipangwa ovyo watoto huondoka saa nane za usiku, saa mbaya kuliko zote. Saa hizo ndizo zinazoangusha kamati nyingi. Saa tano hadi saa saba kila mtu amechangamka, huhitaji kufanya lolote. Kuanzia saa nane mwili unadai usingizi, vikundi vinaanza kujitenga pembeni, na mmoja akisema "tuondoke" wanamfuata kumi. Kwa hiyo kile kilicho kizuri kuliko vyote usikitoe mwanzoni. Mtumbuizaji apande saa nane na nusu. Zawadi kubwa za bahati nasibu zitolewe saa kumi na nusu, na sharti liandikwe kwenye tiketi kwamba asiyekuwepo jina lake likiitwa amepoteza. Na kabla ya kuuza tiketi za bahati nasibu ulizeni sheria ya jimbo, kwani kwingi kunahitajika kibali.

Chakula kije kwa awamu. Mfano wa wahitimu 200: vipande vitatu vya piza kwa kila mmoja ni vipande 600, na piza kubwa ya vipande vinane inakupa idadi ya piza 75. Ukizileta zote saa sita, saa nane zitakuwa baridi na nusu itatupwa. Leta 40 saa sita, 35 saa nane, halafu kifungua kinywa saa kumi. Maji yawepo muda wote. Vinywaji vya kuongeza nguvu msiviruhusu hata kidogo.

Mlangoni: orodha ya majina, kikuku cha karatasi mkononi, mabegi yabaki nje au yakaguliwe, dawa zikabidhiwe kwa nesi zikiwa kwenye chupa yenye jina la mwenyewe. Mlango ufungwe saa tano na nusu, na asiyefika kwa muda huo mzazi apigiwe simu. Anayetaka kutoka mapema hazuiwi, maana wengi wameshatimiza miaka 18 na huwezi kumshikilia mtu mzima. Ila mzazi anajulishwa kabla hajavuka mlango, na fomu ya kukubali hilo inasainiwa na kijana na mzazi wiki kadhaa kabla.

Kosa lingine ni umeme. Maputo makubwa ya kurukia yanajazwa hewa na feni isiyozimwa usiku kucha, na feni moja hula takriban ampea 7 hadi 12. Ukiweka mbili kwenye saketi moja ya ampea 20, zinapowaka pamoja breka inaweza kukata na puto likawashukia watoto. Kila feni ipewe saketi yake. Mwambieni fundi wa shule awaonyeshe soketi zipi zinatoka breka ipi, msikisie.

Mdau wa usalama barabarani

Mratibu ameeleza vizuri ya ndani, ila amefunga hesabu saa kumi na moja alfajiri, na mimi hapo ndipo ninapoanzia.

Siku ya mahafali mhitimu huamka mapema: mazoezi ya kupanga mistari, picha, ndugu wa mbali wamefika. Tuseme kaamka saa moja asubuhi. Mkesha ukiisha saa kumi na moja alfajiri amekaa macho saa 22. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kukaa macho saa 17 kunamharibu dereva sawa na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na saa 24 ni sawa na 0.10. Kikomo cha mtu mzima katika majimbo karibu yote ni 0.08, na kwa aliye chini ya miaka 21 ni 0.02 au pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, kamati imemlinda kijana dhidi ya pombe usiku kucha, kisha inamkabidhi ufunguo akiwa katika hali ambayo ingekuwa ya pombe angekamatwa.

Tena kuna sheria za leseni ya hatua kwa hatua. California, kwa mfano, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, katika miezi 12 ya kwanza ya leseni, kuendesha kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba abiria wa chini ya miaka 20 bila mtu mzima anayetambuliwa na sheria kuwemo garini. Wahitimu wa miaka 17 wapo wengi. Mkesha ukiisha saa kumi na nusu na wanne wakajazana gari moja, mmevunja masharti mawili kwa mpigo.

Nampinga mtoa mada katika jambo moja. Sharti peke yake halitoshi, kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwa kijana na gari liko maegeshoni. Gari lisifike kabisa. Wahitimu wapande basi pale pale kwenye sherehe ya vyeti, washushwe ukumbini, na alfajiri wachukuliwe na mtu mzima aliyelala.

Mshauri wa wanafunzi

Ndugu zangu, naheshimu kazi ya kamati, lakini naona tunaulinda usiku mmoja na kuiacha miezi mitatu. Wapo wahitimu waliokubaliwa chuo, wakasherehekewa jukwaani, na vuli hawaonekani darasani. Hawakubadili nia. Walikwama kwenye makaratasi wakati ofisi yetu imefungwa.

Tazameni yanayomsubiri kati ya Juni na Agosti: nakala ya mwisho ya matokeo, uthibitisho wa taarifa za FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo, iwapo kachaguliwa kukaguliwa, fomu ya bweni, cheti cha chanjo, mtihani wa kupima kiwango cha hesabu, na bima ya afya ya chuo, ambayo katika vyuo vingi asipoikataa kwa maandishi akionyesha ana bima nyingine anatozwa moja kwa moja. Moja likilala, usajili unaweza kuzuiwa.

Na kuna kosa ambalo shule zenyewe hulisababisha. Mwanafunzi aliomba chuo kwa barua pepe ya sekondari, na akaunti hiyo mara nyingi hufungwa muda mfupi baada ya mahafali. Ujumbe wote wa chuo unaenda kusikosomeka. Kila mhitimu abadilishe anwani kwenye mfumo wa chuo na wa FAFSA kabla ya Mei kuisha. Halina gharama yoyote.

Ningependa fedha za mtumbuizaji mmoja zilipe mshauri wa kushika simu siku mbili kwa wiki hadi Agosti.

Mzazi

Mwalimu ana hoja, lakini michango ya mkesha hutoka kwa wafanyabiashara wanaotaka kuona usiku salama. Ukiwaambia ni ya mshauri, wengi watakwambia hiyo ni kazi ya wilaya ya shule. Na mkesha ukifutwa, sherehe hazifutiki, zinahamia majumbani. Katika majimbo mengi mwenye nyumba huwajibishwa kisheria vijana wa watu wakilewa kwake, hata kama hakuwapa yeye kinywaji.

Wasiwasi wangu ni bei. Kanzu na kofia zinalipiwa, promu, ile dansi ya kumaliza shule, inalipiwa, picha zinalipiwa. Tiketi ya mkesha ikipanda, anayebaki nje ni yule asiye na kitu, naye ndiye atakayetafuta sherehe ya bure mahali pengine.

Mratibu wa mikesha

Mama, kwa hilo tiketi zisizolipiwa zigawiwe na mshauri kwa siri, na vikuku viwe vya rangi moja kwa wote.

Kaka wa usalama, hoja ya basi naipokea. Basi la shule la viti 24 linabeba watu wazima 48, wawili kila kiti. Wahitimu 200 ni mabasi matano kwenda. Alfajiri, nusu wakichukuliwa na wazazi, yanabaki matatu. Dereva wa alfajiri asiwe yule wa jioni, maana naye atakuwa hajalala.

Mshauri, sikubali kutoa fedha, ila natoa nafasi. Saa tano na nusu, mlango ukishafungwa, wahitimu wote wako mahali pamoja na simu mkononi. Weka meza yako karibu na piza, kila mmoja abadilishe barua pepe yake hapo hapo, akimaliza apewe tiketi moja ya bahati nasibu.

Mshauri wa wanafunzi

Nakubali meza. Lakini isiwe saa tano na nusu, watakuwa wanacheza. Iwe saa sita, foleni ya piza ikianza, na nahitaji watu wanne wa kunisaidia. Suala la simu za Juni hadi Agosti bado nalidai.