Matumizi ya maji nyumbani: wastani au mediani?

Swali: Ndugu zangu, tuko watu watano hapa Ngamiani, Tanga, na kila alfajiri, kabla ya yeyote kufungua bomba, ninaandika namba za mita daftarini. Kwa siku saba nimepata lita 310, 290, 300, 320, 305, 295 na 840, siku ya mwisho tukiwa tumefua mapazia na mashuka yote. Niseme tunatumia kiasi gani?

Jibu: Wastani wako ni lita 380, lakini hakuna siku mliyotumia kiasi hicho, kwa kuwa siku ya kufua imeuvuta juu. Ukizipanga namba kuanzia ndogo, ya katikati, yaani mediani, ni 305, sawa na lita 61 kwa kila mtu.

Jibu: Ni kweli, ila kwa makadirio ya bili tumia wastani, maana mita hujumlisha kila lita, na uniti moja ni lita 1,000. Tafadhali, dada, isome pia usiku mkienda kulala. Ikisogea hadi alfajiri, kagua boya la tangi la choo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Usiku wa jana ilisogea lita 9, na boya nimelikuta limekwama.