Ushauri: Kusanifu elektrodi za mirija ya neoni ya miliampea 30

FundiMirija (mleta mada):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina karakana ndogo hapa Dar es Salaam ambamo ninapinda mirija ya kioo kwa ajili ya mabango ya neoni, na hadi sasa nimekuwa nikiagiza elektrodi (vile vikombe vya chuma vya kwenye ncha za mrija vinavyoingiza umeme kwenye gesi) kutoka nje zikiwa zimekwisha kufungwa ndani ya kioo. Gharama ya usafirishaji imepanda kiasi kwamba nimeanza kufikiria kuzitengeneza mwenyewe, lakini kabla sijakata bati ningependa kuelewa vipimo vyake vinatoka wapi, badala ya kunakili umbo tu.

Kilichonisukuma zaidi ni bango la mteja mmoja lililoletwa kwa matengenezo. Transfoma yake ilikuwa nzima, ya miliampea 30, na kioo hakikuwa na ufa, ila mwanga ulikuwa umefifia na kucheza-cheza. Nilipokata ncha ya mrija nilikuta utando mweusi unaong'aa upande wa ndani wa kioo, ukianzia kwenye ukingo wa kikombe cha chuma na kuendelea mbele yake kwa upana wa vidole viwili. Kikombe chenyewe kilikuwa kifupi sana na hakikuwa na pete ya kauri mdomoni.

Mirija ninayotengeneza ina kipenyo cha milimita 15 na hujazwa neoni tupu. Naomba kujua ukubwa wa kikombe unapangwa kwa kufuata nini, chuma gani kinafaa, na waya unapitaje kwenye kioo bila kuvujisha hewa.

MwalimuWaMaabara:

Mleta mada, umefanya vyema kuanza na huo utando mweusi, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini elektrodi zina umbo zilizo nalo. Ndani ya mrija, ayoni za neoni (atomi zenye chaji ya umeme) huvutwa kuelekea kwenye kathodi, yaani elektrodi iliyo upande hasi, na kuigonga kwa kasi, na kila ayoni yenye nguvu ya kutosha hung'oa atomi za chuma. Atomi hizo huruka na kuganda kwenye kioo kilicho jirani. Ubaya hauishii kwenye weusi, maana chuma kinapoganda hufunika na kunasa gesi pamoja nacho, kanieneo (msukumo wa gesi) la mrija likashuka, na kanieneo likishuka ayoni hugonga kwa nguvu zaidi. Ugonjwa huo ukishaanza huongezeka wenyewe. Kwa kuwa umeme wetu ni wa mkondo geu, kila ncha ya mrija inakuwa kathodi kwa nusu ya muda, kwa hiyo ncha zote mbili zinahitaji elektrodi zenye ubora uleule.

Tatizo hili ni la zamani kuliko mabango yenyewe. Mirija ya taa ya mvumbuzi Daniel McFarlan Moore kule Marekani, iliyotumia naitrojeni au hewa ya ukaa, ilikuwa inaishiwa gesi ikiwa kazini, naye akalazimika kuiwekea vali ya kuongezea gesi kidogo kidogo. Mfaransa Georges Claude, aliyeonyesha mirija yake ya neoni Paris mwezi Desemba 1910, alichagua gesi isiyoungana na chuma, akaisafisha kwa makini, kisha akaongeza eneo la elektrodi. Hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ya Marekani ya mwaka 1915 ilisimama juu ya sharti hilohilo: eneo la elektrodi lizidi desimeta za mraba 1.5 kwa kila ampea moja. Kwa maoni yangu kanuni hiyo bado ndiyo mahali salama pa kuanzia kwa mtu anayetengeneza mwenyewe.

Tuihesabu kwa mrija wako. Desimeta za mraba 1.5 ni sentimeta za mraba 150, kwa hiyo mkondo wa ampea 0.03 unadai sentimeta za mraba 4.5. Kikombe chenye kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 30 kina ukuta wa ndani wenye takriban sentimeta za mraba 9.4, yaani mara mbili ya hitaji, na kingekidhi hata miliampea 60 ingawa bila akiba ya maana. Mimi huhesabu upande wa ndani peke yake, kwa sababu ndiko tunakotaka mkondo uingie. Urefu wa mrija hauingii kwenye hesabu hii. Urefu huamua volteji ya transfoma, ilhali elektrodi husanifiwa kwa mkondo.

Sababu ya kukitoboa kikombe kiwe na uvungu, badala ya kutumia fimbo yenye eneo lilelile, ni kwamba elektroni zinazotoka ukuta mmoja hurudishwa na ukuta wa pili na kuendelea kuigonga gesi ndani humo, hivyo mkondo uleule hupatikana kwa volteji ndogo zaidi. Tena atomi nyingi zinazong'olewa huangukia ukuta wa kikombe wenyewe badala ya kioo. Hata hivyo, mng'ao hauzami hadi mwisho wa kikombe kirefu kupita kiasi, hasa kanieneo likiwa kubwa. Ukihitaji eneo zaidi, ongeza kipenyo kwanza.

MpindaKioo_Muscat:

Namuunga mkono Mwalimu katika hesabu, nami niongeze yale ya mezani, kwa kuwa nimeifanya kazi hii huku Oman.

Chuma kiwe laini, chenye kaboni kidogo, chembamba, kilichokandamizwa kuwa kikombe bila mshono. Kupakwa nikeli ni vizuri kwa sababu huzuia kutu kabla ya kufungwa. Bati la mabati usiliguse kabisa, maana zinki huvukiza mapema mno chuma kinapowekwa kwenye joto, na kioo chako kitapakwa utando wa zinki unaong'aa kabla hujafunga pampu. Kwa sababu hiyohiyo usiunge waya kwa risasi ya kulehemu. Ungo wa nyuma wa kikombe na waya viunganishwe kwa kulehemu kwa nukta, chuma kwa chuma. Ukingo wa mdomo usafishwe hadi usiwe na kijino hata kimoja, kwa kuwa mkondo hupenda ncha kali na huanza kula hapo.

Kisha ile pete ya kauri ambayo bango la mteja wako halikuwa nayo. Kazi yake ni kuuziba ukingo ili mng'ao usipande mdomoni na kuzunguka nyuma ya kikombe, na pia kukiweka kikombe katikati ya ala ya kioo (mrija mfupi unaoishika elektrodi). Zamani ilitumika pia ulanga. Pasipo pete, chuma chenye joto hukaribia kioo upande mmoja, na siku ya kuchoma mrija (kuupitishia mkondo mkubwa ukiwa kwenye pampu ili kuusafisha) kioo hicho hupasuka au hulainika na kuvutwa ndani na ombwe.

Elektrodi nyingi za dukani zimepakwa ndani mchanganyiko wa kaboneti za bariamu, strontiamu na kalisi. Mrija unapochomwa kwa mkondo mkubwa ukiwa bado kwenye pampu, kaboneti hugeuka oksaidi na kutoa hewa ya ukaa, ambayo lazima ivutwe yote itoke. Oksaidi hiyo hutoa elektroni kwa urahisi, na ndiyo maana vikombe vya kisasa vinaweza kuwa vidogo kuliko kanuni ya Claude inavyodai. Lakini mpako ambao haukuiva ni mbaya kuliko kutokuwa na mpako, kwa kuwa utaendelea kutoa hewa chafu ndani ya mrija kwa miezi. Hakikisha kikombe kimefika rangi ya chungwa, chote, kuanzia mdomo hadi nyuma, na kioo cha mrija kimefika joto la nyuzi 220 hadi 250, ambapo kipande cha karatasi kilichowekwa juu yake huanza kubadilika rangi kuwa kahawia. Mpako ukishaiva usiingize hewa tena, maana unyevunyevu utauharibu. Kaboneti ya bariamu ni sumu ikimezwa, hivyo usile wala usinywe chochote karibu na meza unayopakia.

Kuhusu waya kupita kwenye kioo, kwa kioo laini chenye madini ya risasi hutumika waya wa Dumet, ambao kiini chake ni aloi ya chuma na nikeli kilichovikwa shaba, kwa sababu kutanuka kwa kipenyo chake kunakaribiana na kwa kioo hicho. Waya kamili huwa na vipande vitatu: nikeli upande wa kikombe, Dumet mahali pa kubanwa na kioo, na shaba upande wa nje. Mbano mzuri unauona kwa rangi: waya ndani ya kioo unakuwa mwekundu wa shaba safi. Ukiwa mweusi, moto umezidi, na hewa itapita kwenye ngozi ya oksaidi.

Ushauri wangu wa dhati ni kwamba kwa kazi za wateja uendelee kununua hadi utakapokuwa na uhakika wa mibano yako. Kikombe ni rahisi. Mbano ndio unaochukua muda kuumudu.

FundiMirija:

Nawashukuru sana. Sasa naona kwamba bango lile lilikuwa na kasoro mbili kwa pamoja, eneo dogo na mdomo ulio wazi. Nina maswali mengine mawili. Nimepewa mirija ya borosiliketi (kioo kigumu kinachostahimili joto) iliyobaki kwenye maabara moja. Je, naweza kuitumia kama ala ya elektrodi? Na je, nikijaza neoni kwa kanieneo kubwa zaidi ya kawaida, siwezi kupunguza huo mmomonyoko bila kuongeza kikombe?

MwalimuWaMaabara:

Borosiliketi hutanuka kwa takriban sehemu 3.3 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, ilhali kioo cha risasi ni karibu 9. Dumet ndani ya borosiliketi itaachana na kioo inapopoa, na vilevile huwezi kuunga ala hiyo moja kwa moja na mrija wako wa kioo laini. Ukitaka kuitumia, mrija wote uwe wa borosiliketi na waya uwe wa tungsteni, ambayo kutanuka kwake ni kama 4.5. Inawezekana, na mirija mingi ya maonyesho ya maabara hufanywa hivyo, lakini moto wako wa gesi ya kawaida na hewa hautatosha, utahitaji oksijeni.

Kuhusu kanieneo, ni kweli kwamba likiongezeka atomi nyingi zilizong'olewa hugongana na gesi na kurudi kwenye chuma. Kwa mrija wa milimita 15 mafundi hujaza neoni hadi kanieneo la karibu milimita 10 hadi 12 kwa kipimo cha zebaki, na mrija mwembamba hujazwa zaidi. Ukizidisha sana, mwanga hupungua na volteji ya kuendesha hupanda, tena, kama nilivyosema, mng'ao hauingii vizuri ndani ya kikombe. Usitumie gesi kufidia kikombe kidogo. Chuma chenye eneo dogo kinalazimisha anguko la volteji kwenye kathodi lipande juu ya kiwango chake cha kawaida, ambacho kwa neoni na chuma ni kama volti 150, na kila volti inayoongezeka hapo inaishia kuwa nguvu ya kugonga na joto. Kwa volti 150 na miliampea 30 tayari una wati 4.5 kwenye kikombe wakati kikiwa kathodi. Chuma hicho hakina njia nyingi za kupeleka joto: ni kung'aa, gesi nyembamba inayokizunguka na waya wake mwembamba.

UmemeMombasa:

Naomba kuongezea upande wa nje, ambao mara nyingi husahaulika. Sisi wa pwani tunaishi na chumvi hewani. Transfoma yenye nyaya mbili za volti 7,500 kila moja dhidi ya ardhi itatafuta njia juu ya kioo chochote chenye vumbi na unyevu wa chumvi, na nimeona alama nyeusi zinazotambaa kutoka kwenye waya wa elektrodi hadi kwenye fremu ya chuma ya bango. Kwa hiyo usanifu wa elektrodi ujumuishe urefu wa kioo kitupu nyuma ya kikombe, ili kofia ya silikoni ipate mahali pa kushika vizuri. Nyaya mbili za nje zisokotwe pamoja na waya wa transfoma bila kukunjwa kwenye shina la kioo, kwa sababu mkunjo hapo huanzisha ufa usioonekana. Fremu iunganishwe na ardhi bila kukosa.

Jambo la mwisho ni la uhai. Mashine ya kuchomea mirija kwenye pampu hutoa mamia ya miliampea kwa maelfu ya volti, na haisamehi kama transfoma ya bango inavyoweza kusamehe mara nyingine. Swichi yake iwe ya kushikilia kwa mkono, ikiachiwa izime, na asiwepo mtu mwingine upande wa meza ya mrija.

FundiMirija:

Nimeelewa. Nitaanza na vikombe vya milimita 10 kwa 30 visivyo na mpako, vyenye pete ya kauri, katika kioo cha risasi na waya wa Dumet, kwa mirija ya karakanani tu. Naomba swali moja la nyongeza: mbano nitaupimaje kabla ya kuunga elektrodi kwenye mrija wa kazi?

MpindaKioo_Muscat:

Kwanza iache elektrodi ipoe polepole ndani ya moto wa njano wenye masizi, usiitoe ghafla. Ikishapoa, itazame kati ya plastiki mbili za polaroidi zilizowekwa kwa kupishana. Kioo kilichotulia hubaki cheusi, na chenye mkazo huonyesha mwanga kuzunguka waya. Zenye mwanga zitupe. Zilizobaki ziunge kwenye mrija mfupi, uchome, ujaze neoni, uziache ziwake usiku kucha. Neoni safi ni nyekundu yenye uchungwa. Ukikuta asubuhi rangi imeelekea zambarau au waridi, hewa imeingia, na hapo rudi kwenye moto wa kubania waya, wala usihangaike na kikombe.