Tupeane uzoefu: Ulipobaguliwa kwa rangi yako, kisha ukaambiwa kwamba hukubaguliwa

Ndugu wanachama, sikusudii tubishane iwapo ubaguzi wa rangi upo. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliofanyika Boston na Chicago, ambapo maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana yalitumwa kwa waajiri yakitofautiana majina tu, na yale ya majina ya Kizungu yakaitikiwa zaidi kwa takriban asilimia 50 kuliko yale ya majina ya Wamarekani weusi. Ninachoomba tusimuliane ni kinachofuata baada ya kubaguliwa, pale msikilizaji anapogeuka kuwa wakili wa aliyekudhulumu.

Naanza mimi. Nikiwa ughaibuni nilimpigia simu mwenye nyumba, akanihakikishia kwamba chumba ki wazi na kwamba niende kukiona alasiri. Nilipofika alifungua mlango nusu, mkono ukiwa bado kwenye komeo, akasema kimeshachukuliwa. Jioni ile ile mfanyakazi mwenzangu Mzungu alipiga simu, naye akakaribishwa kukitazama kesho yake. Kilichoniumiza zaidi ni watu ninaowaheshimu kazini, walioanza kumtafutia yule bwana visingizio: labda mpangaji wa kwanza alighairi, labda hakuielewa lafudhi yangu. Kila kisingizio chaweza kuwa kweli kikitazamwa peke yake, lakini mwenzangu hakuhitaji kutafutiwa hata kimoja, na huo ndio upendeleo ninaousema, ambao aliye nao hauoni kwa kuwa humjia kama utulivu wa kawaida.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, kaka. Mimi ni muuguzi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kubaini upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Nilipolieleza jambo hili kikaoni, daktari mmoja alinijibu kwamba mashine haijui rangi ya mtu. Mashine haijui, ni kweli, ila walioitengeneza waliijaribu zaidi kwa ngozi nyeupe. Siku hizi mgonjwa mweusi akilalamika kwamba pumzi inambana ilhali kipimo kinasoma 95, yaani kana kwamba oksijeni inatosha, ninaomba damu yake ipimwe maabara. Wapo madaktari wanaokubali mara moja. Wengine huandika 95 kwenye faili na kwenda kitanda kinachofuata.